Mraba Usio na Picha

Alhamisi ile, saa nane kasorobo mchana, Kioo alikuwa ameinama akifuta meza kwa spiriti aliposikia magurudumu ya kiti yakija ukumbini. Alikijua kiti kile bila kukiona. Gurudumu lake la kushoto lilikuwa na hitilafu. Kila lilipopita kwenye kiungo cha vigae lilitoa mlio mwembamba kama panya aliyebanwa mkia. Mara tatu kwa wiki, kwa miezi saba, moyo wake ulikuwa ukimsikia panya huyo na kuanza kwenda mbio kabla yeye mwenyewe hajauruhusu.

"Tulia, mama," alijiambia kwa sauti ya chini, akapanga upya vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangika: boksi la tishu, vikombe viwili vya maji, mirija, vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi, pamba ya mazoezi ya kupuliza, na karatasi ya alama yenye kalamu iliyofungwa uzi isiibwe na wagonjwa.

Jina la Kioo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wagonjwa, kwa sababu ya kile kioo kirefu kilichosimama mezani pake, ambacho mtu hujitazama mdomo huku akijifunza upya kusema "ma" na "pa" kama mtoto mchanga. Kazi yake ilikuwa msaidizi wa tiba ya usemi. Mtaalamu, mama mmoja mnene ambaye miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba, ndiye aliyewapima wagonjwa na kuamua kila mmoja afundishwe nini. Akishaandika, yaliyobaki yalikuwa ya Kioo: kukaa na mgonjwa, kurudia neno moja mara hamsini bila kununa, kumngoja, kumfuta mate, kumpigia makofi akipatia, na kumwekea alama kwenye karatasi. Tiki kwa jibu sahihi, eksi kwa lililokosewa.

Mlango ukasukumwa.

"Hodi humu! Tumewaletea mwanafunzi mtoro. Leo alitaka kujificha chooni, tukamkamata."

Huyo alikuwa Mshonaji, msichana wa nyumba ya pili kutoka kwao mgonjwa. Uzi mweupe ulikuwa umemganda begani na futi ya kupimia nguo ikimtoka mfukoni. Nyuma yake kiti kikaingia, na kitini alikaa Mwalimu, nywele zake za mvi zimesukwa mistari minne iliyonyooka kama imepigwa rula. Hiyo pia ilikuwa kazi ya Mshonaji. Kila jioni alikwenda kumchana na kumpaka mafuta, na hakuna aliyemtuma.

"Karibuni. Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu aliinua mkono wa kushoto, ule mzima. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa amshikie. Hivyo ndivyo kiharusi kilivyomfanya. Akili yake iliachwa timamu kabisa, kila alichoambiwa alikielewa, ila maneno yake yote, ya mwanamke aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na akigomba ofisini watoto wa darasa la mwisho wanatetemeka, yalifungiwa ndani na ufunguo ukapotea.

Na aliyekuwa akisukuma kiti alikuwa mwanawe, Fundi.

Alikuwa fundi wa makochi. Hata akioga namna gani, vipande vya sponji havikumwisha kwenye nywele, na leo kimoja cha manjano kilikuwa juu ya sikio. Zamani Kioo angenyoosha mkono akakitoa bila hata kufikiri. Macho yao yakakutana juu ya kichwa cha mama, yakaachana upesi, kama watu waliogusana kwa bahati mbaya kwenye foleni.

"Mimi nawahi dirisha la dawa kabla watu hawajajaa," Mshonaji alisema, akamfunika Mwalimu miguu kwa shali. "Halafu, dada Kioo, Jumamosi nisikukose. Nimeshakupima kwa macho, gauni lako nitalimaliza kesho. Ukisema linakubana nitakataa, nitasema umenenepa."

"Jumamosi kuna nini?"

Mshonaji alimgeukia Fundi, mikono kiunoni. "Hujamwambia? Ama kweli wanaume! Dada, Jumapili iliyopita wazee wake wamekuja kwetu. Baba amekubali. Jumamosi hii ni kwao, mama naye atoe neno lake mbele ya watu, mambo yaishe." Akafunika uso kwa kiganja, akacheka. "Wacha niende, naona haya."

Akatoka. Kandambili zake zikasikika mpaka mwisho wa ukumbi.

Kioo alikuwa ameshika kikombe cha maji. Alikitua mezani polepole, maana alihisi akikiacha kwa kawaida kitamwagika.

"Hongera, Fundi," alisema.

"Ahsante."

"Ni msichana mzuri."

"Ni mzuri. Simsemi kwa ubaya hata kidogo."

Wakanyamaza. Ndugu msomaji, kuna kunyamaza kwa watu wasiojuana, na kuna kunyamaza kwa watu wanaojuana mpaka harufu ya sabuni.

Miaka sita nyuma, hawa wawili walipendana miaka miwili mizima. Fundi alimtengenezea kigoda cha mto mwekundu cha kukalia akifanya kazi, kwa kuwa viti vya hospitali vilimuumiza mgongo. Wakaenda kwao siku moja, Kioo amevaa gauni la kijani, amejipaka manukato kidogo tu asije akaambiwa mhuni. Mwalimu akamkaribisha, akampa juisi, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nawafundisha kusema waliopata kiharusi, mama. Na nawasaidia kumeza."

"Yaani unawafuta mate."

"Na mate pia, mama. Yanatoka, inabidi."

"Basi nikwambie mapema usipoteze siku zako," Mwalimu alisema, akikunja leso yake mara mbili, mara nne. "Mwanangu wa kiume ni huyu huyu mmoja. Haoi mfuta mate."

Kioo aliinuka. Juisi aliiacha nusu. Fundi alimkimbilia mpaka getini akimwita, hakugeuka. Alimfuata alikopanga chumba, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Zote tatu Kioo alikaa kitandani amejiziba mdomo kwa mkono, akisikiliza mlango ukigongwa, akiomba asichoke kugonga na wakati huohuo hafungui. Mara ya nne haikuja.

Halafu, miezi saba iliyopita, kiti kile kikasukumwa chumbani mwake. Sheria ya kazi ilimtaka amwambie Mtaalamu siku ileile kwamba ana historia na familia hii, ili mgonjwa apewe mwenzake. Hakusema. Kama angesema, asingemwona Fundi mara tatu kwa wiki.

"Nina ombi," Fundi alisema sasa, macho yake yako sakafuni. "Naona aibu hata kulisema kwako."

"Sema. Humu ndani aibu tunaiacha nje pamoja na viatu."

"Jumamosi wazee watamuuliza mama kama ameridhika. Akitikisa kichwa tu, shangazi zangu wale watasema tumemtikisa sisi. Nataka aseme kwa mdomo wake. Neno moja tu, 'nimeridhika'. Nimeona ulivyomfundisha kusema 'maji'. Nikasema, kama kuna mtu anaweza..."

Alishindwa kumalizia. Kioo naye, kwa mazoea ya kazi yake, hakummalizia.

"Kwa siku mbili?" aliuliza hatimaye.

"Ukiona haiwezekani, basi."

"Nitajaribu. Ndiyo kazi yangu." Akavuta karatasi ya alama karibu ili apate pa kutazama. "Ila wewe huyu ulimchagua lini?"

Hakukusudia kuuliza. Lilimponyoka.

Fundi alikuna shingo. "Sikuchagua mimi. Alichagua mama. Dada yangu mkubwa alimfungulia kile kitabu cha picha ulichomtengenezea, ukurasa wa watu, akamuuliza, 'Mama, unataka mkweo awe nani?' Mama akaonyesha picha ya huyu. Tukamuuliza tena wiki ya pili, palepale. Ya tatu, palepale. Dada akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja." Akatabasamu bila furaha. "Kidole chake kinateleza kidogo, hilo unalijua mwenyewe, hakitui kwenye picha sawasawa. Lakini upande ni uleule kila siku. Nikasema, mara ya kwanza nilichagua mwenyewe, nikaona kilichonipata. Safari hii achague yeye."

"Sawa," Kioo alisema. "Nenda ukasaini kwenye dirisha la kumbukumbu, wanafunga saa tisa. Niachie Mwalimu."

Fundi akasita kidogo kama anayengoja kitu, kisha akatoka.

Sasa huyu Kioo wa watu akavuta kigoda, akakaa goti kwa goti na mwanamke aliyemkataa, amfundishe kumkubali mwingine.

"Haya, Mwalimu. Tujitazame kiooni. Tutalipasua neno vipande, kama tunavyofanya siku zote. Nikigonga meza, na wewe unasema. Ni." Akagonga. "Me." Akagonga. "Ri. Dhi. Ka."

Mwalimu alimtazama. Akabana midomo yake ikawa mstari mmoja.

"Tuanze na 'ni' peke yake. Hii unaiweza, Jumanne uliisema mara kumi na moja. Ni."

Kioo akahesabu moyoni mpaka kumi, kama alivyofundishwa, kwa sababu mgonjwa wa namna hii ukimkimbiza neno linarudi mafichoni. Moja, mbili, tatu. Kumi ikafika. Mwalimu hakujaribu hata kufungua mdomo.

"Umechoka? Unataka maji?"

Mwalimu akapiga meza kwa kiganja, *pa!* Kikombe kikaruka. Akalivuta begi lake lililoning'inia kitini, akaingiza mkono, akatoa kile kitabu na kukitupa mezani. Kwa kidole gumba akafungua kurasa: vyakula, nguo, sehemu za mwili zinazouma. Akafika ukurasa wa watu.

Kitabu hicho alikitengeneza Kioo kwa mikono yake. Ni kitabu cha mtu asiyeweza kusema, aonyeshe kwa kidole anachotaka. Ukurasa wa watu ulikuwa na vimfuko tisa vya plastiki, vitatu vitatu, na ndani ya kila kimoja picha. Mstari wa juu: marehemu mumewe, Fundi, dada mkubwa. Wa kati: wajukuu wawili na kaka yake. Wa chini: rafiki yake wa zamani wa shuleni, kisha Mshonaji. Kimfuko cha tisa, pembeni kabisa kulia, kilikuwa kitupu.

Mwalimu akaweka kidole kwenye mraba ule mtupu.

"Ndiyo, Mshonaji," Kioo alisema, akikisogeza kile kidole taratibu kuelekea kwenye picha. "Hapa. Ameenda kuchukua dawa, anarudi."

Mwalimu akaung'oa mkono wake. Akakirudisha kidole kwenye mraba mtupu. Akagonga. Akagonga tena, ukucha ukilia juu ya plastiki, na kooni mwake kukatoka sauti ya kukoroma, sauti ya mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua.

"Mwalimu wangu, usijiumize. Naona unataka..."

Kioo alikuwa ameinamisha kichwa kutafuta kalamu. Ndivyo alivyokuwa miezi yote hiyo, na lazima lisemwe: alimtazama mama yule mdomo, alimtazama ulimi, alimtazama mkono, machoni hakumtazama. Aliogopa kuyakuta mle macho ya siku ya juisi.

Mkono wa kushoto wa Mwalimu ukaja ukamshika kidevu. Ukamwinua uso, kwa nguvu, kama mwalimu anavyomwinua mtoto anayedanganya. Macho kwa macho. Halafu kidole kikaondoka kidevuni, kikaenda polepole mpaka kwenye mraba mtupu. Kikatua katikati kabisa. Hakikuteleza hata unywele mmoja.

Kidevu. Mraba. Kidevu. Mraba.

"Mimi?" Kioo aliuliza.

Machozi yakamtoka Mwalimu, jicho la kushoto kwanza.

Kulikuwa na sheria ya kutengeneza vitabu vile. Ukurasa wa watu huwekwa familia, majirani wa karibu, na yule anayemhudumia mgonjwa kila mara, ili mgonjwa aweze kumtaja akiwa nyumbani. Kioo aliichapisha picha yake, akaikata, akaipima ikaenea. Kisha akaiona ilivyo pale, uso wake kwenye ukurasa mmoja na Fundi, mistari miwili tu chini yake. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Watasema amejipachika. Mama ataitupa. Fundi ataiona na kucheka, au, jambo baya zaidi, ataiona asiseme lolote. Akaitoa. Akaitia kwenye droo chini ya glavu, akajiambia ataiweka siku nyingine.

Akavuta faili la Mwalimu. Wiki baada ya wiki, swali la mwisho la kila siku lilikuwa lilelile: *Leo unataka kuzungumza habari za nani?* Na mbele yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, eksi. Eksi. Eksi. Na pembeni: *Kidole kinateleza nje ya picha.* Mwezi wa nne wa tiba Mtaalamu alisoma, akaona huenda jicho la kulia halikamati vizuri, akaagiza zoezi la kulenga. Mama wa watu akawekwa kutumbukiza vifungo vya shati kikombeni, dakika kumi kila siku, afundishwe shabaha.

"Ulikuwa unanitaja," Kioo alisema. "Kila siku ulikuwa unanitaja, na mimi nakupa eksi."

Akafungua droo, akafukua chini ya glavu. Picha ilikuwepo, imejikunja pembe moja. Akaitia kwenye kimfuko. Mwalimu akaifunika kwa kiganja chake chote, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Alipofumbua, akachomoa picha ya Fundi kutoka juu, akaileta chini, akaibandika juu ya ile ya Kioo, kona kwa kona.

Halafu akanyoosha mkono kwenye boksi, akachomoa tishu. Kioo alidhani anataka kujifuta mdomo, maana mate yalikuwa yamemchuruzika kama kawaida. Hapana. Alimfuta Kioo machozi. Shavu hili, shavu lile, chini ya pua, pole pole, pembeni mwa midomo, kama mtu anayejua kila sehemu anayotakiwa kuomba radhi.

Fundi aliwakuta hivyo.

"Kuna nini? Mama ameanguka?"

"Hajaanguka," Kioo alisema. Angeweza kufunga kitabu. Alikuwa na muda wa kukifunga, na wazo hilo lilimjia. Lakini maneno ya mgonjwa ni ya mgonjwa, si ya msaidizi kuyaficha, na Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshakishika, anakisukuma kwa mwanawe.

Fundi akainama. Akatazama. Mwalimu akagonga picha mbili zilizolaliana, akamnyooshea Kioo kidole, akagonga tena.

"Hii picha ilitoka wapi? Haikuwepo."

"Ilikuwa kwenye droo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotengeneza kitabu."

Fundi si mjinga. Kochi lililochakaa namna gani, yeye hulitazama mara moja akajua msumari gani ulianza kulegea. Alitazama mraba, akatazama picha ya Mshonaji iliyokuwa jirani yake, akakaa kwenye kiti cha wageni kwa kishindo.

"Hakikuteleza," alisema.

"Hakikuteleza."

"Wiki tatu tunamuuliza. Dada anapiga vigelegele. Mama alilia siku ile, Kioo! Tukasema ni furaha." Alijipangusa uso kwa viganja viwili. "Kwa nini uliitoa?"

"Niliona aibu. Nilifikiri mtasema najipachika kwenu."

"Nani angesema? Mimi?"

"Sikujua wewe ungesema nini."

"Ungeniuliza! Nilikuwa hapa. Kila Jumatatu, kila Jumanne, kila Alhamisi, nimesimama mlangoni pale kama mwizi aliyesahau anachotaka kuiba. Dada angeweza kumleta mama. Mjomba angeweza. Unadhani kwa nini nilifunga karakana siku tatu za wiki nikaja mwenyewe?"

Kioo alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, yamepangana, tena alikuwa nayo miaka sita. Yalifika kooni yakasimama.

Fundi alingoja. Kisha akatikisa kichwa.

"Unaona? Hata sasa." Sauti yake haikuwa ya hasira tena, na hilo ndilo lililomuumiza Kioo zaidi. "Mama alikosea siku ile, nami nilikwenda kumgombeza mpaka tukanuniana mwaka. Wewe hukuwahi kujua, maana hukufungua mlango. Niligonga mara tatu. Nilikusikia unapumua ndani, Kioo. Nilikusikia. Na huyu hapa hana ulimi, hana mkono, ametafuta kila siku ya Mungu namna ya kulisema jina lako kwa kidole kimoja. Wewe ulimi unao. Wewe ndiye unayewafundisha watu."

"Vunja, basi," Kioo alisema kwa haraka, kama mtu anayeruka asije akaghairi. "Bado Jumamosi."

"Nivunje?" Fundi aliuliza. "Yule anayechana nywele za mama yangu? Jumapili alinishika mkono mbele ya baba yake, mkono wake umelowa jasho, akaniambia, 'Mimi sina maneno mengi, lakini nakupenda, na kama wewe hunipendi niambie leo nisijishonee gauni.' Aliniuliza, Kioo. Waziwazi. Nami nikajitafuta moyoni, nikasema sina mwingine anayenitaka. Nikamwambia ashone."

Kutoka ukumbini sauti changamfu ikaita: "Fundi! Dawa tumepata zote! Mnamaliza?"

"Tunakuja," Fundi alijibu. Akarudisha picha yake juu ilipokuwa, kati ya baba yake na dada yake. Ile ya Kioo aliiacha kwenye kimfuko. "Iache ikae. Ni haki ya mama kukutaja. Na Jumamosi hatasema chochote, sitamlazimisha. Shangazi waseme wanavyotaka."

Akashika vishikio vya kiti.

"Nakupenda," Kioo alisema.

Aliisema kwa sauti kamili, wala hakunong'ona, na chumba kizima kilisikia, na kioo mezani kilimwonyesha mdomo wake ukiisema. "Sikuacha hata siku moja. Niliposikia unagonga, nilikuwa nakupenda. Ulipoleta kiti hiki, nilikuwa nakupenda. Nimelisema."

Mgongo wa Fundi ulisimama palepale. Mabega yake yakapanda, yakashuka.

"Nimesikia," alisema, hakugeuka. "Laiti ungenipa neno hilo Jumapili asubuhi."

Akasukuma. Kiti hakikwenda. Akadhani amesahau breki, akainama kuitazama, breki ilikuwa imefunguliwa. Ni Mwalimu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mkono wake mzima, vidole vimekuwa vyeupe, na meza nzima ikaanza kuburutika pamoja naye.

"Mama, achia. Mama, tafadhali."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Ni," alisema. Neno likamtoka wazi, akalishangaa mwenyewe. "Ni. Ni." Lililofuata halikuja. Alisukuma, mishipa ya shingo ikamtoka, halikuja.

Hakuna aliyejua alitaka kumalizia na nini. Fundi alijaribu kumfungua mkono akashindwa, aliogopa kumvunja. Alimtazama Kioo kwa macho ya kuomba, macho yale aliyoyajua.

Basi Kioo akapiga magoti pembeni mwa kiti. Kandambili za Mshonaji zilikuwa zinakaribia, na juu ya kandambili wimbo mdogo wa kuimba puani. Akauweka mkono wake juu ya mkono wa mama yule. Ulikuwa wa moto na ulikuwa na nguvu.

"Mwalimu," alisema, na safari hii alimtazama machoni. "Umesema. Nimekusikia. Si kosa lako, umesema mapema kuliko sisi sote. Sasa niachie."

Akaanza kumfungua vidole, kimoja, kimoja. Kila kimoja kilipofunguka alikishikilia kidogo kabla ya kukiacha. Alipofika cha mwisho kiti kikasogea chenyewe, na Fundi akakigeuza kuelekea mlangoni.